MWALIMU SI KARANI WA PESA ZA MAJENGO



Wako wanaosema shule za Meru na Embu zilijengwa na serikali. Wengine husema ni misheni. Twawaomba wakawaulize wazee waliobeba mawe, na akina mama waliobeba maji na mchanga.

Ni kweli misheni zilitangulia. C.M.S. walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakafika Meru 1912 wakakaa Kaaga. Waskoti wakafuata Chogoria 1922. Lakini nyasi za kuezekea zilikatwa na wenyeji. Mwaka 1934 zikaja Halmashauri za Elimu za Wilaya, yaani D.E.B., herufi ambazo mpaka leo zimo katika majina ya baadhi ya shule. Halmashauri ilitoa ruhusa na kukagua. Ukuta ulikuwa juu ya mzazi. Hata shule za kujitegemea, ambazo watu walizijenga wenyewe bila misheni, zilifungwa na serikali baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Baadhi zilifunguliwa tena chini ya D.E.B.: majengo yale yale, mwenyewe mwingine.

Uhuru ulipopatikana 1963 ikawa Harambee, na pesa ya kahawa ikageuka mabati na saruji. Hilo hatulilaumu, maana watu walijenga kwa moyo.

Neno letu laanzia tarehe 12 Desemba 1973, Rais Kenyatta alipoamuru karo iondolewe darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wakajaa madarasani 1974. Mara karo ikabadili jina, ikaitwa pesa za majengo, na mahali pengi ikazidi karo yenyewe. Nani aliambiwa aikusanye? Mwalimu! Ndiye aliyemrudisha mtoto nyumbani, naye ndiye aliyetukanwa sokoni. Watoto wengi hawakurudi tena. Rais Moi aliifuta michango hiyo. Mwaka 1988 serikali ikaleta mpango wa kugawana gharama na michango ikarudi. Januari 2003 ikafutwa tena. Kila mara yule aliyeshika daftari la wadeni alikuwa mwalimu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza mtoto kufukuzwa shuleni kwa kutolipa. Lakini mwaka 2023 darasa la saba la mtaala mpya liliwekwa katika viwanja vya shule za msingi, na darasa hilo lahitaji maabara. Macho yamemgeukia mzazi tena, na daftari linatafuta mkono wa kulishika.

Mkono huo usiwe wetu. Mchango ukihitajika, bodi ya shule iuombe yenyewe, kwa barua yenye kibali cha Wizara, na fedha zilipwe benki. Mwanachama akiamriwa kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya pesa hizo, adai amri hiyo kwa maandishi, kisha ailete kwa katibu wa tawi lake.