Asilimia mbili ya ushuru wako iko wapi?

Mkulima anapolipa ushuru wa mazao getini, na mchuuzi anapokatiwa risiti sokoni, sehemu ya fedha hizo si ya halmashauri kutumia itakavyo. Tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukiacha yale yenye matumizi maalumu, ikopeshwe bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Katika kila Sh1 milioni, hizo mbili ni Sh20,000.

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti ya CAG kufichua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Sababu ilikuwepo, lakini adhabu ilimpata asiyekosa. Fundi cherehani mlemavu aliyekuwa akirejesha vizuri alifungiwa mlango pamoja na wajanja. Na kikundi hewa hakijisajili chenyewe. Kuna aliyetia saini na kugonga muhuri.

Mwaka 2024 mikopo ilirudishwa, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kupitia benki. Sawa, benki inajua kudai. Haiwezi, hata hivyo, kuhakikisha kwamba halmashauri imetenga asilimia mbili kamili. Hilo ni la madiwani, na la wewe uliyelipa ushuru. Mkutano wa kata ukiitishwa, ulizeni: zimekusanywa ngapi, zimetengwa ngapi, na ni walemavu wangapi wa kata hii wamezipata?