Ulinzi wa kazi za mikono: Safari ya mafundi wa Nkombo yaanzia nyumbani

Tangu tarehe 1 Desemba 2025, Umoja wa Ulaya unalinda kisheria majina ya kazi za mikono zinazotambulika kwa mahali zinakotoka. Kwa muda mrefu ulinzi huo uliishia kwenye divai, jibini na mazao mengine. Sasa hata vioo vya Murano nchini Italia na vyombo vya kaure vya Limoges nchini Ufaransa vinaweza kuombewa hadhi hiyo katika Ofisi ya Miliki Ubunifu ya Umoja huo, iliyoko Alicante, Hispania.

Mlango huo uko wazi pia kwa mafundi walio nje ya Ulaya, wakiwemo wa kisiwa cha Nkombo wilayani Rusizi. Hata hivyo, kuna sharti: jina linaloombewa ulinzi ni lazima liwe limelindwa kwanza katika nchi lilikotoka. Kwa hiyo safari ya Alicante hupitia Kigali, kwa msajili ambaye ni Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB). Sheria ya Rwanda ya mwaka 2009 ilikwisha kutambua viashiria vya kijiografia.

Kiashiria cha kijiografia si mali ya mtu mmoja. Kila fundi wa eneo husika anayefuata kanuni zilizoandikwa ana haki ya kulitumia jina. Kanuni za Ulaya zinataka ubora, sifa au umaarufu wa bidhaa utokane na mahali hapo, na angalau hatua moja ya utengenezaji ifanyike huko.

Kwa kipimo hicho, imigongo, sanaa ya samadi ya ng'ombe yenye asili ya Gisaka, ina hoja nzito, kwa kuwa chimbuko lake linajulikana. Agaseke, kikapu kilichomo hata katika nembo ya taifa, kina hoja ngumu zaidi: husukwa karibu kila mahali nchini.

Nkombo ina mtihani wake. Ufundi unaobeba maisha ya kisiwa hicho ni ule wa mitumbwi ya sambaza: mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, nyavu zikashushwa usiku chini ya mwanga wa taa. Lakini mitumbwi ya namna hiyo huonekana pia Karongi, Idjwi na Bukavu. Ziwa Kivu ni moja, mpaka ni wa juzi. Kanuni za Ulaya huruhusu maombi ya pamoja ya eneo linalovuka mpaka, ila uhusiano wa sasa kati ya Kigali na Kinshasa haurahisishi jambo hilo. Tena, mtumbwi haununuliwi Paris.

Je, suala hili basi haliwahusu wakazi wa kisiwa? Linawahusu. Katika miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki walilazimika kuweka pingamizi ugenini. Jina lisilo na mlinzi humwita mgeni.

Kenya hiyohiyo inatoa mfano wa hatua nyepesi zaidi. Wasusi wa vikapu vya Taita waliunda chama na kutumia alama ya pamoja, njia isiyodai kuthibitisha kwamba ubora unatokana na mahali. Kwa wasusi na wachongaji wa Nkombo, ushirika na alama ya namna hiyo vinaweza kutangulia, kiashiria kikafuata baadaye.

Swali zito zaidi ni nani ataziandika kanuni. Zikiandikwa na wanunuzi wa mjini, fundi mzee wa kisiwani aweza kujikuta kibarua wa jina lake mwenyewe, au akafungiwa nje kwa kushindwa gharama za ukaguzi. Zikijadiliwa kisiwani, kwa Kimashi, Kinyarwanda na Kiswahili, cheti kitakuwa na wenyewe. Cheti peke yake hakileti wateja. Ila kinampa fundi hoja ya kusimama nayo anapopangiwa bei.