Utani Usio na Mtani

Mnamo tarehe 21 Mei 2023, katika uwanja wa Mestalla mjini Valencia, Uhispania, Vinícius Júnior wa Real Madrid alimnyoshea kidole shabiki aliyekuwa akimtukana kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, akamtaka mwamuzi amtazame. Mechi ilisimama kwa dakika kadhaa kisha ikaendelea. Kabla ya kipenga cha mwisho, aliyetolewa uwanjani kwa kadi nyekundu alikuwa Vinícius mwenyewe, ingawa kadi hiyo ilibatilishwa siku chache baadaye. Katika kumbi za kutazamia kandanda za Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi, ambako viti ni mabenchi ya mbao na kiingilio ni sarafu chache, kisa cha namna hiyo hakihitaji mkalimani. Kila aliyemo ukumbini anajua kwamba tusi lile lingemfika yeye lau angekuwa amevaa jezi ile.

Hasira hiyo ni ya haki, na anayeibeza hajui uzito wa jambo. Kasoro yake ni kwamba aghalabu haivuki kizingiti cha ukumbi. Shabiki aliyemsikitikia Vinícius usiku, kesho yake alasiri husimama kando ya uwanja wa vumbi akimwita kipa wa timu ngeni gaidi, kwa kuwa jina la kipa huyo ni la Kisomali. Katika miji ya Emali na Sultan Hamud, mpakani mwa Makueni na Kajiado, Mmaasai aliyepoteza pasi huulizwa ng'ombe wake amemwachia nani. Naye kijana wa Kikamba anayesafiri kwenda kucheza Nairobi au Kisumu huyakuta yake yakimngoja. Akifunga bao, ni kamuti. Kipa wa wenyeji akiteleza, ni kamuti. Mazoezi ya miaka mitano, na viatu vilivyonunuliwa kwa kuuza mbuzi, vyote hufutwa kwa neno moja, na uchawi ukapewa sifa ya mguu wake.

Yamkini atatokea msomaji wa kusema kwamba ya Mestalla ni ubaguzi wa rangi, ilhali haya ya Ukambani ni ukabila, na kwamba si vyema kuyachanganya. Tofauti ya kihistoria ipo, wala haikanushwi: nyuma ya tusi la nyani kuna utumwa na ukoloni. Hata hivyo, mtu akiyachunguza matusi yenyewe kama matini, atagundua kuwa muundo wake ni mmoja. Anayetukanwa haambiwi kwamba amecheza vibaya, bali kwamba amezaliwa vibaya. Kosa la mchezo lina tiba, nayo ni mazoezi. Kosa la kuzaliwa halina.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba hayo ni utani tu. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kudai neno lake lirudishwe, kwa maana limeazimwa na kutumiwa vibaya. Utani katika jamii za Afrika Mashariki ni asasi yenye kanuni. Wanyamwezi, kwa mfano, walikuwa na watani katika makabila mengi yaliyokaa kandokando ya njia za misafara ya kwenda pwani, na utani huo ulitokana na watu kuhitajiana: msafiri alihitaji maji na malazi, mwenyeji alihitaji bidhaa na habari. Mtani aliruhusiwa kumkejeli mwenzake mbele za watu, hata kumchukulia kitu chake bila kuomba. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyekuwa na kazi yake msibani. Alifika, akasaidia shughuli za maziko, akawachekesha wafiwa pale ambapo ndugu hawakuthubutu. Kejeli ilikuwa upande mmoja wa sarafu, na wajibu ulikuwa upande wa pili. Zaidi ya hayo, aliyekejeliwa alikuwa na zamu yake ya kujibu, na hakuna aliyemnyang'anya.

Wakamba nao walikuwa watu wa misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wao wa pembe za ndovu walifika Mombasa, na ni Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, aliyempokea mmishenari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Jamii iliyoishi kwa kupita katika ardhi za wengine na kuwapokea wageni katika ardhi yake haikosi kujua mpaka kati ya mzaha na tusi.

Sasa hebu kanuni hizo zipimwe kandokando ya uwanja. Shabiki hamjui mchezaji anayemtukana. Amejificha katikati ya watu mia mbili. Mchezaji hana zamu ya kujibu, kwani akijibu ataonyeshwa kadi. Na akivunjika mguu, shabiki huyo hatamtembelea hospitalini. Huo ni utani usio na mtani, na lugha ya Kiswahili ina majina mengine ya kuuitia: masimango, kebehi, matusi. (Inafaa kutaja kwamba watangazaji na waandishi wa michezo wanaupalilia mkanganyiko huu bila kukusudia. Kila timu mbili zinazochukiana huitwa watani wa jadi. Walau pambano la Gor Mahia na AFC Leopards limepewa jina la Mashemeji, na shemeji ni mtu ambaye binadamu hana budi kuketi naye mezani.)

Ajibuje basi anayetukanwa? Wachezaji mashuhuri wamejaribu njia mbalimbali. Mnamo Februari 2006 Samuel Eto'o wa Barcelona alianza kutoka uwanjani huko Zaragoza; wenzake, kocha na mwamuzi wakambembeleza, akabaki. Mnamo Aprili 2014 Dani Alves alitupiwa ndizi huko Villarreal, akaiokota, akaila, akaendelea kupiga kona. Ulimwengu ulicheka na kumpongeza, lakini aliyelazimika kuila ndizi ile mbele ya umati ni yeye, si aliyeitupa. Kisa chenye funzo zaidi ni cha tarehe 3 Januari 2013 mjini Busto Arsizio, Italia, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Pro Patria. Kevin-Prince Boateng wa AC Milan aliupiga mpira kuelekea jukwaani, akavua jezi, akaondoka, na timu yake nzima ikamfuata. Mechi ikaishia hapo. Kutoka kwake peke yake kungeitwa utovu wa nidhamu. Walipotoka wote kumi na mmoja, waliobaki na aibu ni waliokuwa jukwaani.

Sheria nayo ina nafasi yake. Mnamo Juni 2024 mahakama ya Valencia iliwahukumu mashabiki watatu waliomtukana Vinícius kifungo cha miezi 8 na kuwapiga marufuku ya kuingia viwanjani kwa miaka 2. Nchini Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa 2007, inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila na kuweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, nayo inasema waziwazi kwamba uhuru wa kujieleza haujumuishi matamshi ya chuki. Lakini nani atapiga ripoti kituoni kutoka uwanja wa shule ya msingi huko Mutomo, na atamtaja nani katika umati ule? Hata FIFA, iliyopitisha mwaka 2024 ishara ya kupishanisha mikono kwenye vifundo vyake ili mchezaji amjulishe mwamuzi kwamba anabaguliwa, iliwazia uwanja wenye vipaza sauti, kamera na askari.

Amri kutoka juu pia ilikwisha kujaribiwa. Serikali ya Rais Moi ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion, na hata Gor Mahia ikabatizwa Gulf Olympic Rangers kwa muda. Majina yalibadilika, ndimi zikabaki zilivyokuwa.

Na jambo hili haliishi dakika ya tisini. Katika maeneo ya mashariki ya Kitui, ambako wafugaji kutoka Garissa na Tana River hufika na ngamia wao wakati wa kiangazi, watu wamewahi kuuawa kwa magomvi ya malisho na maji. Vijana wa pande zote mbili hukutana viwanjani, tena hukutana visimani. Aliyeitwa gaidi Jumapili atalikumbuka neno hilo Jumatatu akiwa na fimbo mkononi, mbele ya mtu aliyelitamka au ndugu yake.

Kwa hiyo jibu lianze kwa yule aliye karibu zaidi na mdomo unaotukana, yaani shabiki wa timu hiyo hiyo. Mgeni akimkanya mwenyeji, ni ugomvi. Mwenyeji akimkanya mwenyeji kwa Kikamba, mbele ya wazee wake, hapo mambo hubadilika. Aliye karibu baada ya huyo ni nahodha wa wenyeji, ambaye sauti yake inajulikana na kila aliye kando ya mstari. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vina timu, vina mashabiki, na vina wanachama wanaotoka kila kaunti. Havina haja ya kungoja waraka wa mtu yeyote. Kabla ya mechi, manahodha wawili wakubaliane neno moja: tusi la kabila au la rangi likisikika, nahodha wa upande uliotukana ndiye atakayeushika mpira, awaendee watu wake, awaambie nani anawatia aibu. Akiogopa kwenda, mpira ubaki mikononi mwake hadi jua litue.