Kuaminiwa Hakuombwi Mimbarini

Kuna maneno niliyoyasikia mara nyingi mno makanisani mwetu hapa Dodoma, nami nimechoka nayo. Husemwa kwa upole, na kwa kawaida baada ya mtu kuuliza habari za fedha: "Niaminini, mimi ni mchungaji wenu." Nathubutu kusema kwamba mchungaji anayelazimika kusema hivyo amekwisha kupoteza kile anachokiomba. Kuaminiwa si haki inayokuja pamoja na kola na joho. Ni deni ambalo mchungaji hulilipa kila siku.

Siandiki haya kama mtu wa nje. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka 9 katika kijiji kimoja cha Ugogo. Mwaka mmoja mvua ilikuwa njema, na siku ya sikukuu ya mavuno akina mama walileta mtama, uwele na karanga vichwani, wengine kuku na mayai. Tukapiga mnada nje ya kanisa kama ilivyo desturi. Yai la mama mmoja mjane liliuzwa, likatolewa tena, likauzwa mara nne, watu wakicheka na kupiga vigelegele. Magunia 11 ya mtama tukayaweka stoo nyumbani kwa mchungaji, yauzwe bei ikipanda, tununue mabati ya kanisa. Bei ilipanda. Magunia yakaondoka. Mabati hayakuja.

Je, mchungaji yule aliiba? Mpaka leo sijui. Alikuwa na mtoto mgonjwa mwaka ule, na posho yake ilikuwa ikichelewa miezi mingi. Angetuambia shida yake, nina hakika tungesema achukue. Lakini hakusema, nasi wazee hatukuuliza. Tuliona haya. Aliyeuliza ni yule mjane, baada ya ibada, pale mlangoni: "Baba Mchungaji, mtama wetu uko wapi?" Akajibiwa kwamba asishindane na mpakwa mafuta wa Bwana. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nikatazama chini. Jumapili iliyofuata mahali pake palikuwa patupu.

Hilo jibu la mpakwa mafuta limewanyamazisha Wakristo wengi, nami nataka kulipinga kwa Biblia hiyo hiyo. Samweli, aliyewapaka wafalme mafuta kwa mikono yake, alipokuwa mzee aliwaita Waisraeli wamshitaki hadharani kama kuna yeyote aliyewahi kunyang'anywa mnyama au kudhulumiwa naye. Tena aliwaita mbele ya mfalme aliyepakwa mafuta, awe shahidi. Mtume Paulo naye, alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuzibeba peke yake. Alitaka watu waliochaguliwa na makanisa wafuatane nazo, asije akalaumiwa. Kama hao walikubali kukaguliwa, huyu wa kwetu ni nani hata akatae?

Hapa Ugogo tunajua mtu hupimwa wapi. Mababu zetu walipita katika njaa kuu ya Mtunya, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha ukame ukafuata. Maelfu walikufa. Katika nchi iliyopita huko, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na anayekula peke yake gizani hasahauliki. Mchungaji anayefika katika tembe la mgonjwa kwa miguu, akakaa juu ya kigoda na kunywa uji uliopo, hahitaji kumwomba mtu amwamini.

Wala hahitaji kuwa malaika. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulifika hapa kwetu, na miaka ya 1940 Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu huko Uganda, alikuwa mwalimu hapa Dodoma. Watu wa Uamsho walifundisha kutembea nuruni: aliyekosa hukiri kosa lake mbele ya wenzake, awe mpishi au kasisi. Je, kasisi aliyekiri alidharauliwa? La hasha. Watu walimwamini zaidi, kwa kuwa sasa walijua kwamba hata aibu yake hakuwaficha.

Watasema kwamba maswali huvunja heshima, na kwamba makanisani wamo wasengenyaji. Ni kweli wamo. Ni kweli pia kwamba sisi waumini tunawaacha wachungaji wetu na njaa, kisha tunashangaa stoo ikipungua. Hilo ni kosa letu, na tulikiri. Lakini dawa ya msengenyo ni hesabu iliyosomwa kwa sauti. Na mahali ambapo swali limefanywa kuwa dhambi, madhara yake hayaishii kwenye mtama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu.

Basi sadaka na ihesabiwe na watu watatu, watie sahihi, na isomwe kanisani Jumapili hiyo hiyo. Mchungaji na atunze siri za waumini kama kaburi, lakini fedha za waumini zisiwe siri yake. Akikosa, na aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

Nami nilikuwa na langu la kusema. Miaka mingi baadaye nilikwenda kwa yule mjane kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta uwele wake huku nikisema. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, mtama niliusamehe mwaka ule ule. Mchungaji alikuwa mmoja. Ninyi wazee mlikuwa saba, wote mlinisikia."

Sikuwa na jibu, na sasa sina. Kwa hiyo nakuomba wewe uliye mzee wa kanisa leo: mama akiuliza mlangoni, usitazame chini.