Karatasi Ipi Itunzwe, Ipi Itupwe?



Mwezi huu tunaingia chumbani na kulivuta lile sanduku la chini ya kitanda. Ndani mna bili za maji za miaka iliyopita, kadi za harusi, risiti ya redio iliyokwisha kufa, na katikati ya hayo yote, hati ya kiwanja. Kwa kuogopa kutupa, tunaweka kila kitu. Na siku tunapotafuta kimoja, hatukioni.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mumewe. Baada ya matanga, wakwe walimwuliza kwa upole mkataba wa kununulia kiwanja uko wapi. Hakujua. Hakuwahi kuambiwa, naye hakuwahi kuuliza, maana karatasi zilikuwa mambo ya baba. Alipekua mifuko na madaftari kwa miezi mitatu. Mwishowe mkataba ulionekana ndani ya gazeti kuukuu ambalo binti yake alikuwa amelitenga la kuwashia jiko la mkaa. Tulimshukuru Mungu pamoja naye, lakini kila mmoja wetu alirudi nyumbani na hofu yake.

Tangu siku hiyo kila karatasi tunaiuliza maswali matatu. Je, inaonyesha sisi ni nani? Inaonyesha mali ni ya nani? Inaonyesha tumelipa?

Za kutunza siku zote: vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya ndoa, vya shule na vya vifo, hati ya nyumba au mkataba wa shamba wenye sahihi za mashahidi, wosia, karatasi za mafao ya kazini, na barua inayosema mkopo umekwisha. Cheti cha kuzaliwa chaweza kuombwa tena RITA, lakini ni safari na gharama. Kadi ya kliniki ya mtoto usiitupe akianza shule, maana ndiyo yenye chanjo zake. Na yako ya chanjo ya pepopunda itunze pia. Tena mama, risiti za saruji na bati ulizonunua kwa fedha yako ziweke. Ukitokea ubishi, zitakusemea.

Za kutunza kwa muda: bili na risiti za umeme na maji, hadi malipo yaonekane kwenye hesabu inayofuata; risiti za ada, hadi mtoto amalize shule na kupewa cheti; karatasi ya dhamana ya jokofu au cherehani, hadi muda wake uishe. Mwenye biashara, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5 au zaidi. Risiti za mashine hufifia upesi, kwa hiyo zile kubwa zitolee fotokopi.

Zilizobaki ni za kutupa. Lakini zichane kwanza, au zichome. Tumewahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi ya benki yenye jina la mtu na hesabu ya fedha zake!

Zinazobaki zigawe katika bahasha, andika juu yake kilichomo, tia zote katika mfuko wa plastiki, kisha katika sanduku la bati, mbali na mchwa, panya na paa linalovuja. Nakala za zile kubwa ziwe kwa ndugu mwaminifu.

Wengine husema kuhangaikia karatasi ni kukosa imani. Nabii Yeremia alinunua shamba la Hanameli kwa shekeli 17 za fedha wakati Yerusalemu umezingirwa na adui. Hati iliandikwa mbele ya mashahidi, naye akamwagiza Baruku aihifadhi katika chombo cha udongo ili idumu (Yeremia 32). Aliamini kwamba watu watarudi kuishi katika nchi ile, na kwa sababu hiyo hasa akaitunza hati.

Basi Jumamosi moja mwezi huu, watoto wakilala, mwombe baba mkae mezani mlifungue sanduku pamoja. Usimwambie unajiandaa kwa kifo chake. Mwambie mnatunza alichowajalia Mungu. Kabla hamjalifunga, kila mmoja ajue kila bahasha ilipo.

Mungu ailinde nyumba yako hadi tutakapokutana tena mwezi ujao.