Nyumba Njema Si Mlango

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita lilisomwa ombi la wana wa mzee mmoja mstaafu wa reli wa hapa Gilgil. Jina lake silitaji. Waliomba mfuko wetu wa kusaidiana utoe shilingi 6,000 kila mwezi, nao waongeze zilizobaki, ili baba yao awekwe katika nyumba ya kutunzia wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Mkutano haukukata shauri. Tulichaguliwa watu wawili twende tukatazame nyumba mbili, kisha tulete habari. Habari yenyewe itasomwa na Katibu. Haya ninayoandika hapa ni maoni yangu mwenyewe, na mtu akiyaona mabaya anijibu katika karatasi hii hii.

Wengi wenu mwamjua mzee huyu. Alifanya kazi ya njia miaka 34. Alianza kwa kubeba mataruma, akamaliza akiwa mnyapara. Mimi sikufanya kazi chini yake, lakini mnyapara aliyenifundisha mimi alifundishwa na yeye. Basi mwezi wa saba, saa kumi ya alfajiri, genge letu lilimkuta katikati ya reli upande wa Kariandusi, amevaa koti lake la zamani, mkononi ana taa isiyo na mafuta. Baridi ya Gilgil mwaijua. Hakuwa na viatu. Alipotuona alikasirika, akasema, "Vijana, mbona mmechelewa? Gari la mizigo laja, na bolti hazijakazwa!" Tukamjibu, "Tumefika, Mzee," tukamshika mkono. Gari la mizigo lilipita mahali pale baada ya dakika ishirini.

Kwanza niseme neno juu ya ugonjwa wenyewe, maana mkutanoni yalisemwa mambo yasiyofaa. Huu si uchawi wala si laana. Ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari huuita demensia. Aina yake iliyo kubwa kuliko zote ilielezwa kwanza na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya sita katika kila kumi walikaa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini ujinga nao huua. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Huko Kilifi wazee waliokimbia tuhuma za namna hiyo wamepewa hifadhi mahali paitwapo Kaya Godoma. Mzee azungukaye usiku, asemaye peke yake, asiyewatambua wajukuu wake, ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Kwa hiyo tusicheke.

Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba kumpeleka baba katika nyumba ya wazee ni desturi ya kigeni, na kwamba mwana mwema humtunza baba yake nyumbani. Namheshimu ndugu huyu, lakini nataka kumwuliza: nyumbani ni nani amtunzaye? Mke wa mzee amepita miaka 70 na magoti yake ni mabovu. Mke wa mwanawe wa kwanza ameacha kibanda chake cha mboga sokoni ili amlinde. Amepigwa na mzee mara mbili, si kwa ubaya, bali kwa hofu, kwa kuwa alimdhani mwizi. Sasa mama huyo akienda kuteka maji, mlango hufungwa kwa kufuli. Hilo nalo ni gereza, ijapokuwa liko nyumbani. Mara nyingi tukisema "nyumbani" maana yake ni mgongo wa mwanamke mmoja. Serikali huwapa wazee walioandikishwa, waliofika miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Fedha hizo ni jambo jema, lakini hazitoshi kumwajiri mtu wa kukesha. Tena nyumba za wazee si kitu kipya katika Kenya. Nairobi, Masista Wadogo wa Maskini wana Nyumba ya Wazee ya siku nyingi.

Basi mimi naona swali si kama jambo hili ni halali. Swali ni hili: nyumba njema utaijuaje? Na hapa nakiri kosa langu.

Nyumba ya kwanza tuliyoitazama ina lango la chuma, ukuta mrefu, sakafu ya vigae, maua, televisheni kubwa, na vyeti vinne ukutani. Tulikuwa tumepeleka habari kwamba twaja, nasi tulipokewa kwa chai na mandazi. Wazee walikaa katika viti kando ya ukuta, wasafi, kimya kabisa. Bei ni shilingi 38,000 kwa mwezi. Njiani nilimwambia mwenzangu, "Hapa ndipo." Niliona kimya kile nikadhani ni raha.

Nyumba ya pili haina sura. Ni mabati, ua wa seng'enge, na sakafu ya saruji. Bei ni shilingi 31,000. Tulipoingia tulikuta kelele. Bibi mmoja alikuwa akichambua maharagwe, na bibi mwenzake akiyarudisha mawe yale yale katika ungo. Mtunzaji alicheka nao, wakaanza upya. Babu mmoja alilia akimwita mama yake. Msichana wa kazi hakumwambia kwamba mama yake alikufa zamani. Alikaa karibu naye, akamwuliza, "Babu, mama alikuwa akipika nini?" Babu akaeleza habari za viazi na njegere hata akasahau kulia. Mimi, kwa upumbavu wangu, nilisema moyoni kwamba hapa pana vurugu.

Mwenzangu ndiye aliyenizindua. Kazi yake ni kukagua reli kwa miguu kila asubuhi, na nyundo na spana begani. Akaniambia, "Ndugu, mkubwa akipita juu ya toroli na habari zimemtangulia, kila bolti imekazwa. Wewe ukitaka kuijua njia, utapita lini?" Sikuwa na jibu. Jumapili tukarudi nyumba ya kwanza saa moja ya jioni, bila kutoa taarifa.

Tulisimama langoni karibu nusu saa. Ndani walikuwamo wazee 17 na mtunzaji mmoja. Wote walikuwa kitandani tangu saa kumi na moja. Tuliambiwa wamepewa dawa ya kulaza ili wapumzike. Kando ya mzee mmoja sahani ya chakula ilikuwa imepoa, maana mkono wake haufiki kinywani na hapakuwa na mtu wa kumlisha. Mtunzaji, mama wa makamo, alituomba tusimtaje. Alikuwa kazini tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, naye angekesha hata kesho yake. Hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Alisema, "Kaka zangu, mimi si mkatili. Lakini mikono yangu ni miwili."

Juu ya dawa hizo, mimi si daktari na chupa sikuiona. Lakini mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 2005 idara ya dawa ya Serikali ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, zikipewa wazee wenye demensia, huongeza hatari ya kufa. Mwaka 2009 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Serikali ya Uingereza ulikadiria kwamba huko watu kama 180,000 wenye demensia walipewa dawa za namna hiyo kila mwaka, na kwamba vifo kama 1,800 zaidi vilitokana nazo. Daktari aweza kuwa na sababu ya kumpa mgonjwa mmoja kwa muda. Lakini nyumba nzima ikilala saa kumi na moja, hapo naona dawa yafanya kazi ya watu ambao mwenye nyumba hakutaka kuwaajiri.

Nina binti wa shangazi yangu afanyaye kazi katika nyumba ya wazee huko Uingereza, kama vijana wengi wa Kenya. Nilipomweleza habari hizi alinifundisha jambo. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Bradford, Tom Kitwood, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1997, alitengeneza pamoja na wenzake njia ya kupima nyumba hizi. Mkaguzi hukaa kimya kati ya wazee kwa saa kadhaa. Kila dakika tano huandika: mzee huyu anafanya nini, ana furaha au huzuni, watunzaji wanamtendeaje. Hahesabu vigae. Nilipompa mwenzangu habari hii alicheka akasema, "Naye basi ni mtu wa kutembea kwa miguu."

Kwa hiyo, ndugu, mtu akitaka kuijua nyumba ya wazee wa ugonjwa huu, na afanye hivi:

1. Aende bila taarifa, na aende saa ya chakula, au usiku, au Jumapili. Nyumba inayokataa kabisa kufungua saa hizo imekwisha kujibu swali.

2. Ahesabu mikono. Asiulize tu mchana wapo watunzaji wangapi, aulize na usiku wapo wangapi, kwa kuwa ugonjwa huu haulali usiku.

3. Amtazame mzee aliye dhaifu kuliko wote, si yule anayeletwa kusalimia wageni. Je, amelishwa? Ana kiu? Ana vidonda vya kulalia? Nepi yake imebadilishwa? Viatu alivyovaa ni vyake?

4. Aulize kitabu cha dawa: ni daktari yupi aliyeandika, tarehe gani, na kwa sababu gani.

5. Asikilize jinsi wazee wanavyoitwa. Akiitwa kwa jina lake au "Baba" au "Mama", vema. Akiitwa kwa namba ya kitanda, ondoka.

6. Aulize watunzaji wenyewe hulipwa lini, hupumzika lini, na kama walifundishwa kazi yao.

Hili la sita ndilo langu kubwa, na ndiyo sababu ya kuliandika katika karatasi ya wafanya kazi. Mtunzaji aliyekesha siku mbili, mwenye njaa, ambaye watoto wake wamefukuzwa shule kwa ada, atawezaje kuwa mpole saa nane ya usiku kwa mzee anayempiga? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kifungu cha 41 chasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki, hali njema ya kazi, na kujiunga na chama. Vifungu hivi viwili ni kama reli mbili. Ukiondoa moja, gari laanguka, na walio ndani ni wazee wetu.

Najua Mtunza Hazina atauliza fedha zatoka wapi. Shilingi 6,000 kwa mwezi ni 72,000 kwa mwaka, na mfuko wetu si mkubwa. Nami nauliza: mwanachama akifa, fedha hutoka upesi, jeneza hununuliwa, basi hukodiwa, hotuba husomwa. Mbona twamsaidia mtu kwa wepesi akiwa hatusikii? Mzee huyu yu hai. Bado anasikia baridi.

Nasema basi tawi likubali mambo matatu. La kwanza, tutoe fedha, lakini kwa nyumba ya pili tu, na kwa sharti lililoandikwa kwamba wanachama wetu wataingia saa yoyote. La pili, tupange zamu, watu wawili kila juma, wakati wa mapumziko yao, waende kumtazama mzee, maana nyumba iliyo njema leo yaweza kuharibika kesho kama njia isiyokaguliwa. La tatu, Katibu awaandikie wenzetu wa chama kinachohusika na kazi za namna hiyo juu ya wale watunzaji wasiolipwa, na aiandikie kaunti ya Nakuru kuomba kwamba nyumba za wazee zikaguliwe bila kupewa habari mbele.

Neno moja tena. Nyumba ya kwanza walituuliza amana italipwa na nani. Nyumba ya pili mama msimamizi alituuliza mzee alifanya kazi gani, huamka saa ngapi, na hupenda kuitwaje. Tulipomweleza habari za reli alifikiri kidogo, akasema, "Basi alfajiri mmoja wetu atatembea naye akague ua. Mtuletee koti lake."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoni wote, msituachie watu wanane kuamua habari ya mtu aliyewalinda maelfu.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Njia, Gilgil