Kelele za pikipiki zikomeshwe kuanzia karakana

KILA linapozuka suala la kelele mijini, lawama huelekezwa kwa mabaa, maeneo ya ibada na honi za matatu. Lakini katika mitaa mingi nchini, mngurumo unaomkatizia usingizi mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hutoka kwa pikipiki ambayo sailensa yake imetobolewa, imekatwa au imeondolewa kabisa na mahali pake pakatiwa bomba jingine la moshi.

Jibu la serikali kwa malalamiko ya wananchi kuhusu pikipiki limekuwa ni msako. Pikipiki hunaswa, vituo vya polisi hufurika, kisha baada ya siku chache mambo hurejea yalivyokuwa. Ili kuelewa ni kwa nini, yafaa kwanza kujua kelele hizo hutoka wapi.

Kila petroli inapolipuka ndani ya injini, moshi hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda moja, aina inayotumiwa na wengi wa wahudumu wa bodaboda, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa vishindo 50 kila sekunde. Kazi ya sailensa ni kuvipitisha vishindo hivyo katika vyumba na vijitundu hadi mawimbi ya sauti yagongane na kupoteza nguvu. Fundi anapokata vyumba hivyo na kuchomelea bomba lililonyooka, haundi kitu kipya. Anaondoa tu kile kilichokuwa kikizuia kishindo.

Vijana wengi huamini kwamba pikipiki inayonguruma ina nguvu zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa injini ndogo za sisi 100 au 150, faida ya bomba la aina hiyo ni ndogo mno, ikiwa ipo. Kabureta iliyopimwa kiwandani kuambatana na bomba la awali huanza kuchanganya hewa na petroli kwa kiasi kisichofaa, na injini huweza kupata joto kupita kiasi. Mwenye pikipiki hulipia kelele mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha kwa vipuri.

Wapo pia wanaodai kwamba sauti kubwa huokoa maisha kwa kuwatahadharisha madereva. Hoja hiyo ina upungufu. Mdomo wa bomba hutazama nyuma, na dereva aliye mbele akiwa amefunga vioo huenda asisikie chochote hadi pikipiki imfikie ubavuni. Taa inayowaka na jaketi linalong'aa humwonyesha mwendeshaji mapema zaidi, tena bila kumwamsha yeyote.

Kenya haina uhaba wa sheria kuhusu jambo hili. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili. Gari au pikipiki inayoongeza kasi haikuruhusiwa kupita desibeli 84.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Ongezeko la desibeli 10 humaanisha kwamba nguvu ya sauti imeongezeka mara kumi, na sikio la binadamu huisikia kama imeongezeka maradufu. Kwa hivyo, pikipiki yenye desibeli 94 haijapita kikomo kwa kiasi kidogo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya ulipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, kwa kuwa kukatizwa usingizi mara kwa mara kuna madhara kwa afya.

Tatizo ni nani wa kutekeleza. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ina kanuni zake. Polisi wa trafiki wana sheria ya barabarani. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ina jukumu la kukagua magari. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa kelele katika maeneo yao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila idara huweza kusema kwamba kazi hiyo ni ya mwenzake.

Isitoshe, afisa anayesimama barabarani bila kifaa cha kupima sauti huhukumu kwa masikio yake. Kesi ya aina hiyo ni dhaifu mahakamani, na pasipo kipimo, mlango wa hongo huwa wazi.

Historia ya misako haitii moyo. Mnamo Machi 2022, baada ya kundi la wahudumu wa bodaboda kumshambulia dereva wa kike jijini Nairobi, serikali ilitangaza operesheni kali dhidi ya sekta hiyo nchi nzima. Ilisitishwa baada ya siku chache. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kukosana na jeshi hilo la wapiga kura.

Sababu nyingine ni riziki. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa VAT, bodaboda imekuwa kimbilio la vijana wasio na ajira. Wengi huendesha pikipiki za mkopo unaolipwa kila siku. Pikipiki ikizuiliwa kituoni kwa wiki moja, chakula hukosekana nyumbani na deni huongezeka. Wakati huo huo, mfanyabiashara aliyeuza bomba na fundi aliyekata sailensa huendelea na shughuli zao bila kuulizwa lolote.

Hapo ndipo mkakati unapaswa kubadilika. Maduka ya vipuri na karakana ni machache kuliko pikipiki, na hayakimbii. Kaunti ndizo hutoa leseni za biashara. Zinaweza kuweka sharti kwamba karakana itakayopatikana ikikata sailensa itapoteza leseni. Shirika la ubora wa bidhaa, Kebs, nalo lidhibiti mabomba yanayoingizwa nchini.

Kupima pia si kazi ngumu. Ufaransa, kwa sheria ya 2019, iliruhusu majaribio ya mitambo yenye maikrofoni na kamera inayotambua chombo chenye kelele kikipita, na Paris ikaweka mtambo wake mwaka 2022. Kenya haihitaji kusubiri vifaa vya bei hiyo. Upo utaratibu wa kimataifa ambapo pikipiki hupimwa ikiwa imesimama, kifaa kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba na injini ikizungushwa kwa kasi maalumu. Matokeo hulinganishwa na ya pikipiki ya aina hiyo hiyo yenye sailensa ya kiwandani. Kazi hiyo inaweza kufanywa katika vituo vya bodaboda kwa ushirikiano na vyama vyao, wahudumu wakipewa muda wa kurejesha sailensa kabla ya faini kuanza.

Pikipiki za umeme, ambazo serikali ilizipigia debe kwa uzinduzi uliofanyika Mombasa Septemba 2023, zitapunguza kelele kadiri zinavyoongezeka. Hata hivyo, pikipiki za petroli zitakuwa barabarani kwa miaka mingi, na kusubiri zichakae si sera.

Wanasiasa nao wana la kujibu. Ni katika misafara ya kampeni ambapo waendeshaji hulipuisha injini zao kama bunduki, huku wakiwa wamenunuliwa petroli na viongozi wanaopunga mikono juu ya magari. Kiongozi anayeitumia kelele hiyo kama zumari la kampeni yake hana sauti ya kumkanya kijana yule yule anapoipeleka mtaani usiku.